Sentimita Sabini

Wietske alinikabidhi kiwanja kwa sentensi moja:
"Magari mia nne, na usimzibie mtu jua."
Akapanda treni ya saa kumi na mbili kasoro tano,
akaniacha na kipimo cha leza
na mvua ya Oosterveen, isiyonyesha wala isiyokatika.

Ukanda mwembamba kando ya reli,
zamani ghala la viazi.
Kusini, jukwaa namba mbili.
Kaskazini, ua wa Jeltje Postma:
safu sita za stroberi, na ndoo.
Alinipa kahawa, hakunipa kiti.
"Hilo ghorofa lenu, mwezi Machi,
kivuli chake kitalala wapi?"

Sikujua. Nikarudi siku ya tatu na jibu.
Alilisikiliza, akachukua kijiti,
akakichomeka kati ya safu ya nne na ya tano.
"Kikomo hapa."

Ndiyo maana jengo langu limekatwa bega moja.
Wapita njia watadhani pesa ziliisha.

Nguzo ni za msonobari, zimekazwa kwa bolti,
maana kilichofungwa hufunguka,
na kilichomiminwa hungoja nyundo.
Maji ya paa yatashuka tangini, yaoshe mabehewa.
Ghorofa ya chini nimewapa baiskeli:
aliyekuja kwa jasho lake
asipandishwe tena ngazi.

Kwenye kikao, Sjoerd wa hazina
aliweka rula juu ya mchoro wangu.
"Gari linatosheka na mita mbili na arobaini.
Wewe umechora tatu na kumi.
Sentimita sabini, mara tano:
umetuibia ghorofa nzima.
Na gari, nijuavyo, halina shingo ya kuinua."

Nikasema sakafu nimezilaza tambarare,
hazina mteremko hata wa kubingirisha chungwa.
Njia ya kupandia nimeitundika nje, peke yake,
siku moja ing'olewe kama jino la utoto.
Nikasema magari yatapungua. Si kesho.
Lakini yatapungua, na hapa,
penye mstari mweupe namba mia mbili na sita,
mtu ataweka kitanda.
Usiku atavua sweta lake kupitia kichwani,
na mikono yake itahitaji pa kufika.

Treni ya mizigo ikapita. Vikombe vikatetemeka
muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Kwa hiyo," akasema Sjoerd,
"unamjengea mgeni usiyemjua
kwa pesa za wenyeji wanaonijua mimi."

Niliingia na sabini, nikatoka na hamsini na tano.
Usiku ule, jikoni kwangu, nilisimama ukutani,
nikainua mikono, nikaweka alama ya penseli
kwenye ncha ya kidole kirefu.
Nikapima. Nikapima tena.
Inatosha. Hata kwa mtu mrefu. Hata kwa mtu
anayemrusha mtoto juu, asipomrusha kwa furaha mno.

Nilimpelekea Jeltje mchoro wa mwisho.
Aliupindua, akaupindua tena,
kidole kikasimama ghorofa ya tatu.
"Huyo atakayelala humu,
dirisha lake litatazama wapi?"

Huku kwako, nikasema.

Alitazama kijiti chake. Hakukisogeza.
Kisha akafuta mikono kwenye aproni:
"Basi mwambie asihamie majira ya baridi.
Mwambie angoje Juni."