Hakuna Kufumua

Kabla ya ngozi palikuwa na kitambaa.
Bafta mbili zimelaliana,
penseli iliyochongwa kwa wembe,
na mama yangu, Bi Mize wa Kangagani,
akichora ua bila kuangalia ua.
Mimi kazi yangu kutoboa.
Kitobo, kitobo, kitobo,
halafu uzi uuzunguke ukingo wake.
Kofia moja, miezi mitatu.
Nikikosea mama hasemi kitu.
Hufumua.
Sauti ile ya uzi ukichomoka
naijua kuliko jina langu.

Kisha hina.
Maharusi wa Wete na Mtambwe
wakininyooshea miguu juu ya mto,
nami nikiwakataza kujikuna.
Kofia haijikuni.
Kofia haina mtekenyo wa nyayo,
haikuulizi, "Bado?"
Na ukikosea usijali,
wiki mbili za maji, sabuni na masufuria
zitakusitiri.

Kisha Nungwi, mkeka, mwavuli,
na piko la pakiti
lililombabua mkono mtoto wa mgeni.
Pomboo niliyemchora akavimba,
akatoka maji.
Nilirudisha pesa, na nauli juu yake.
Mkono wangu haukukosea, dawa ilikosea,
lakini aliyelia hakulijua hilo,
wala halikumhusu.

Gervas, mtu wa Songea, ana chumba cha tatuu
nyuma ya duka la wazamiaji.
Alizitazama karatasi zangu, akazifunika.
"Wajuao kuchora wanakuja kila wiki.
Nichoree mstari mmoja tu. Mrefu. Taratibu."
Nikauvuta kutoka ukingo hadi ukingo.
"Nani kakufundisha?"
"Kofia."

Miezi minne sikugusa mtu.
Wengine hujifunzia ngozi ya nguruwe;
niliposema hapana Gervas alicheka,
akaenda sokoni, akarudi na mabalungi.
Balungi halifichi.
Ukizama, ganda linakutemea maji makali usoni.
"Unachora," husema Gervas, "huchimbi kisima."

Ngozi ya kwanza ilikuwa yake, chini ya goti.
"Weka unachokijua."
Nikaweka ua la mama.
Jani la tatu lilikwenda upande,
nami, wallahi, vidole vyangu vikatafuta uzi
wa kuuvuta nyuma.
Hapakuwa na uzi.
Mpaka leo anatembea nalo Nungwi nzima, na kaptura,
jani langu la upande.

Sikukuu mosi nimekwenda Pemba.
Shekhe kasema lake, jirani kasema lake,
na mimi sina hoja ya kuwashinda.
Pesa niliyompa mama iko pembe ya mkeka,
hajaigusa.
Anatunga uzi.
Halafu, macho yakiwa kwenye tundu la sindano:
"Sindano yenu nambari ngapi?"

Nikamwambia.

"Na hukaa muda gani?"

"Mtu mmoja tu, mama. Kisha hutupwa."

Akaishusha kofia magotini.
Sindano yake aliinunua mimi sijaota meno.
"Israfu!" akasema,
na katika yote niliyoyafanya
hilo ndilo lililomkera hasa.

Akanyanyuka, akarudi na balungi.
"Hebu nione."
Sina mashine, sina wino,
nikashika sindano yake ileile.
Kitobo, kitobo.
Akanizuia.
Gumba na kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto,
vyenye sugu ngumu kama kwato,
vikalikaza ganda pande mbili.
"Kilicholegea kitakula sindano.
Kwani nilikwambiaje? Vuta kwanza."

Pesa iko palepale pembe ya mkeka.
Chai imepoa.
"Vuta," anasema. "Bado. Vuta tena."