Mvua ya Karai

Kazi ya muhula wa pili: mvua.
Dakika moja na nusu, isiyojirudia,
ya kunyeshea mji ambao haupo,
mji wa mchezo anaouchora Kahindi
kwenye kompyuta ya tatu kutoka dirishani,
ile isiyozima ovyo.

Mwezi wa pili, Malindi. Mvua itoke wapi?
Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyolambwa.

Mwalimu Tsofa hakutupa pole.
"Sikio," alisema, "halina macho.
Lipe kinachofanana, litaamini.
Lipe kitu chenyewe, huenda likakataa."

Hilo nililijua kwa aibu.
Wiki iliyotangulia nilimpelekea punda,
punda wa kweli, wa Shee Kombo mbeba mchanga.
Nilimfuata mtaa mzima wa Shela
na maiki niliyoivisha soksi
hadi akanichoka, akanigeuzia mateke.
Darasa likasikiliza, likasema: hapana,
huyo ni mtu anayeburuta ndara.
Dama akachukua vifuu viwili,
akavigonga juu ya trei ya changarawe,
ko-ko, ko-ko,
na punda akaingia chumbani.
Tukasogeza viti apite.

Nilikasirika kwa niaba ya punda.

Sasa mvua.
Saa kumi alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka,
nilikaa jikoni kwetu Barani na hedifoni masikioni,
nikitafuta kimya tu.
Kila chumba kina kimya chake, hutwambia Mwalimu,
nacho hurekodiwa, hutandikwa chini ya sauti zote
kama mkeka chini ya godoro.
Kimya cha kwetu: friji la jirani, mjusi,
bomba linalodondosha deni la maji.

Kisha mama akatia viazi karaini.

Niliruka.
Ilianza kwa matone makubwa, ya mabati,
ikashika, ikatanda,
ikawa ile mvua ya masika inayokuzuia
dukani kwa mtu usiyempenda.

"Usivitoe," nikamwambia. "Ongeza vingine. Polepole."
"Vitaungua."
"Viache viungue."

Akanitazama.
Karo yangu hutoka humo humo karaini,
kumi kumi, ishirini ishirini,
noti zinazonuka bizari
hata karani wa chuo huzihesabu akipiga chafya.
Na leo mwanawe anaomba viungue.
Akaviacha.
Viazi ishirini na viwili. Nilivihesabu
kwa kuwa naye alikuwa akivihesabu.

Chuoni nikaikata mvua vipande,
nikaishona upya pasionekane uzi.
Nikaondoa mwiko uliogonga ukingo.
Nikaondoa "bismillahi" yake,
halafu hiyo nikairudisha,
nikaizamisha chini kabisa, sikio lisikofika.

Kahindi akaifungulia mji wake.
Mitaro ikajaa. Paa moja likavuja.
Nadhani hata yule mhusika wake, asiye na uso bado,
aliinua bega kujikinga.
Mwalimu Tsofa alifumba macho,
akasikiliza hadi katikati,
kisha akatoka mbio kuutazama mkoba wake
alioutundika kwenye pikipiki.
Hiyo ndiyo alama niliyopewa.
Ile ya karatasi ilikuja baadaye, ndogo kidogo.

Jumamosi nikamvika mama hedifoni
juu ya mtandio.
"Sikiliza mvua," nikamwambia.
Akainamisha kichwa
kama daktari anayesikiliza kifua.
Sitaficha: nilingoja chozi.

"Mvua gani?" akasema. "Hivi viazi.
Na hivi vya mwisho viliingia mafuta yamepoa."

Akanirudishia vitu vyangu,
akarudi kwenye sufuria ya ukwaju.
Alipokuwa akimfungia mteja kwenye gazeti
akauliza bila kugeuka:

"Na huko kwenye huo mchezo wenu,
watu hula?"