Nukta

Kigoma, ukumbi wa kata ya Mwanga, saa nne na robo.
Mhandisi katundika ramani; korongo letu
limekuwa ufa wa wino kati ya vilima.
Chaguo la kwanza: vibanda vipite hewani, juu ya waya.
La pili: kilima kikatwe, lami ipanuliwe.
La tatu: mabasi, na lango la kulipia.

Mimi ni karani. Naandika.

Diwani kausifu waya: wageni
wataliona ziwa lote, hadi milima ya Kongo.
Fundi Ruhomvya kauliza mawe yatakayokatwa
yatamwagwa shamba la nani.
Kisha Ntahondi, madumu ya mawese kayaacha mlangoni,
kidole chake kikaufuata wino taratibu:
"Hicho kibanda kinasimama wapi?
Mimi napandia hapa, kwenye chemchemi.
Si mwanzo. Si mwisho."
Mhandisi akaitazama ramani
kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Tumejibu kwa barua, mhuri wa bluu:
mji hauchagui lolote katika matatu
mpaka tuoneshwe nani atashuka wapi.

Nakala ya ramani tumeiambatanisha.
Pale pasipo jina nimetia nukta, kwa penseli.
Afisa kaniambia niifute.
Ufutio, nikamjibu, umekwisha.