Somo la Kani, Chumba cha Tatu

Mwalimu Nazibrola hakuanza na ubao.
Alitandika kitambaa cha marehemu mama yake,
akapanga juu yake sahani, kikombe cha chai, yai bichi,
akakunja mikono ya sweta.
"Kilichotulia," akasema, "hupenda kutulia."
Akakivuta. Fyu!
Kikombe kilitetemeka tu,
kama mzee aliyeitwa jina usingizini.
Yai likabingirika hadi ukingoni, likapasuka sakafuni.
Hakuomba radhi. "Ucha, lete dekio."

Nje ya dirisha gari la kebo
lilining'inia juu ya bonde,
buluu iliyoliwa na kutu,
tangu umeme ulipokatika Jumanne.
"Lile pale, mbona halianguki?"
Khatuna akasema: kwa sababu ya Mungu.
Tamazi akasema: kwa sababu ya kebo.
Akachora mishale: mmoja chini, mnene,
miwili ikipanda, huu kushoto, huu kulia.
"Jumlisheni."
Tukajumlisha. Sifuri.
"Msidhani sifuri hii ni utupu.
Ni wavutanaji watatu, na hakuna anayeshinda."

Nikamfikiria baba,
kwenye kiti chake kando ya jiko
tangu mgodi namba tano ulipofungwa.
Mama akimvutia mlangoni,
bibi akimvutia kanisani,
chupa ikimvuta chini.
Jumla: baba, pale pale.
Sikunyoosha mkono.
Pembeni mwa daftari niliandika:
tungamo, kilo tisini na mbili.

Baada ya mapumziko akatutoa uani, kwenye theluji,
wawili wawili juu ya masinia ya bati.
Nilimsukuma Ucha kwa nguvu zangu zote.
Yeye akasogea hatua moja,
mimi nikarudi nyuma hadi ukutani.
"Umeona?" akaniuliza, akinipangusa mgongo.
"Hakuna agusaye asiguswe."

Jioni nikasimama nyuma ya kiti cha baba
nikasukuma.
Hakikusogea.
Nikasukuma tena, soksi zikiteleza mbaoni.
"Unafanya nini wewe?"
"Kazi ya nyumbani."
Akashika mikono ya kiti,
akajiinua nusu ageuke kunitazama,
na hapo uzani ukapungua, msuguano ukalegea,
kiti kikatoka mbio chini yake
nami nikaanguka kifudifudi.
Baba akabaki amesimama,
mkono mmoja ukutani,
akiutazama mlango kana kwamba umewekwa leo.

Nikaokota rula.
Sentimita kumi na nne.
Nikaziandika kwa wino.