Kwa Mama, Anasema

Vuli ya hapa Kibeki haingoji mvua.
Ni majani mekundu yanayoshuka moja moja
kama waumini watokao kanisani
wasiotaka kurudi nyumbani.

Kila Alhamisi, saa kumi na dakika chache,
Réjean Thibodeau hupangusa buti mara tatu
(mara moja ingetosha),
huingia maktaba na harufu ya masizi,
maana kazi yake ni kusafisha mabomba ya moshi,
huomba riwaya ya mapenzi.
"Kwa mama," anasema.
Nene, yenye paka na blanketi kwenye jalada,
ile ambayo wawili hawashikani mikono
mpaka theluji ianguke.

Nami hugonga muhuri wa tarehe.

Mama yake tulimzika Aprili.
Nilikaa benchi la tano, nyuma ya mashemeji,
nikaimba zaburi kwa sauti ya kuazima.
Sijamwambia kwamba najua.
"Mama anakionaje kitabu?"
"Analalamika. Ukurasa wa mia mbili na kumi,
na yule mwoka mikate bado anamuuliza mpangaji wake
kama chai inataka sukari."
"Mwambie asubiri."
"Anasubiri," anasema, akiikagua kofia yake
kana kwamba ameiokota njiani. "Amezoea."

Watu husema vitabu hivi ni vya kupotezea muda.
Kweli. Nina miaka hamsini na minne,
acha nichague wa kuupotezea.
Moto wa karatasi niliuota zamani, nikiwa msichana:
uliwaka vizuri ajabu
hadi saa mbili usiku.

Mwezi uliopita aliniletea tufaha, gumu kama jiwe.
"Usilile sasa. Liweke dirishani mpaka Novemba."
Nimeliweka.
Asubuhi nalibonyeza kwa kidole,
kisha najiona mjinga,
kisha nalibonyeza tena.

Leo kitabu kimerudi.
Ukurasa wa mia tatu na nne,
pale viwiko vyao vinapogusana juu ya sinia ya maandazi
na hakuna anayeondoa chake,
pana alama ya dole gumba, nyeusi ti.
Masizi.
Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na mikono misafi.

Sikuifuta.
Nilishusha kitabu kingine, kinene zaidi,
nikaandika jina la mwazimaji kwenye kadi:
si la mama.

Akalisoma. Akalisoma tena, midomo ikicheza,
kama mtoto anayefundishwa jina lake.
Bomba la joto likakohoa pembeni.
"Hiki," akauliza, "kina kurasa ngapi?"
"Mia nne kumi na sita."
"Na hao wawili..."
"Sisemi."

Nje giza linaingia mapema siku hizi.
Nilikwisha kugeuza kibao cha mlangoni: Tumefunga.
Akakiona.
Akavuta kiti.