Nukta Moja, Dakika Moja

Tauno kautwaa waya wa kuanikia,
kaufunga msonobarini, kaushusha hadi kwenye ndoo
iliyoviringwa koili, mizunguko mia mbili.
"Usianue soksi, Irja. Nimeshatega mawimbi nazo."

Nguvu, nusu wati:
taa ya baiskeli ingemcheka.
Nukta moja, dakika nzima.
Kistari, tatu.
Supu ya viazi imepoa,
naye kwenye jina lake yuko herufi ya pili.

Usiku kucha theluji inaulemea waya,
soksi zinakakamaa kama mbao.

Alfajiri, barua pepe toka Shetland,
kwa mtu asiyemjua hata sura:
"Nimeiona T. Baada yake, ngurumo tupu."

T tu.
Irja anaisoma mara mbili, anavaa buti,
anatoka kuukung'uta waya.
Soksi hazigusi.