Kamati ya Macho

Tuko watano mezani, Feira de Santana,
feni inasaga hewa bila kuipoza,
na chupa ya maji ambayo hakuna anayetaka
kuwa wa kwanza kuifungua.
Sheria imetuazima kazi ambayo Mungu hakuitangaza:
kumtazama kijana usoni
na kumwambia, naam, wewe ni mweusi,
au, samahani, weusi wako hautoshi.

Mimi ni Nilzete, wa masijala.
Miaka ishirini na sita napanga mafaili ya chuo hiki.
Nilipoanza, mweusi wa pekee katika ukumbi wa Udaktari
alikuwa ameshika ufagio.
Alikuwa mama yangu.
Basi msiniulize kama naipenda sheria ya viti.
Niulizeni kama nalala
usiku wa kuamkia kikao.

Macho hayana pazia, husemwa.
Yangu leo yamepewa muhuri.

Aliingia Adailton. Hatukumaliza dakika.
Kalamu ilikwenda yenyewe, nyepesi,
nami nikaona aibu kwa wepesi wake.

Kisha mdogo wake, Josivaldo:
baba mmoja, mama mmoja,
kitanda kimoja, mmoja kichwani, mmoja miguuni,
ila damu ilipochanga karata
yeye aligawiwa nyingine.
Shati lilikuwa la kaka yake, mikono imekunjwa.
Akatoa bahasha, na ndani yake picha:
bibi yao, Eufrosina, mbele ya karai la nguo za watu,
mweusi tii, macho yamemkazia mpiga picha
kana kwamba anamdai.

"Picha haipokelewi," akasema mwenyekiti.
"Tunapima uso uliopo."

Profesa Hildebrando akakohoa.
Ndiye aliyeipinga sheria hii tangu mwanzo,
akaomba kiti hapa ili ajionee.
"Mnaona? Tumbo moja, na nyinyi mnalipasua kwa rula.
Pimeni alama. Pimeni mfuko.
Njaa haijitazami kwenye kioo."
Si mtu mbaya. Baba yake aliuza mkaa,
na kucha zake bado nyeusi katika picha aliyonionyesha siku moja.
Moyoni nilimjibu:
njaa haijitazami, Profesa,
lakini mwenye nyumba ya kupanga hutazama,
mlinzi wa duka hutazama,
na kabla ya sisi watano kuwa kamati
mji mzima ulikuwa kamati,
ukikaa kila siku, bila posho, bila rufaa.
Moyoni. Mdomoni nilisema,
"Naomba tuendelee."

Ni Silvanira, mdogo wetu, aliyeuliza
swali lisilo kwenye fomu:
"Na barabarani, huwa wanakuonaje?"

Josivaldo aliitazama feni.
"Mwaka jana," akasema, "kituo cha basi, tukitoka mazoezini.
Polisi walimweka kaka ukutani, mikono juu.
Mimi waliniambia, wewe nenda."
Akanyamaza.
"Nami nikaenda.
Nilifika hadi kwenye duka la mikate ndipo nikageuka."

Hakuna aliyeandika.
Hata Profesa aliufunika uso wake kwa kiganja
kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani pake.

Fomu ina visanduku viwili.
Nilitia alama katika kile cha pili
nikijua ni sahihi,
nikijua pia kwamba bibi alifua kwa ajili ya wote wawili.

Matokeo hubandikwa jioni.
Kupitia dirishani niliwaona ngazini.
Mkubwa alikunja karatasi yake mara nne, mara tano,
ikawa ndogo kabisa,
kama anayeficha mkate mbele ya mwenye njaa.
Mdogo akamnyang'anya, akaikunjua,
akaisoma kwa sauti, yote, hadi namba ya chumba cha usajili.

Bahasha ilikuwa imebaki mezani.
Nilishuka nayo masijala, nikawasha taa,
nikasimama na Eufrosina mkononi
mbele ya makabati yangu yote,
mimi nisiyewahi kupoteza faili,
nisijue nimweke chini ya jina la nani.